Tangi la lita 700 limesimama
Hatimaye matumbawe yangu yamehamia tangi kubwa, na nina furaha isiyo kifani! Pampu za mkondo ni mbili zinazotazamana, maana matumbawe hupenda maji yanayozunguka huku na huku. Kichujio cha povu ndicho kilichokula pesa, lakini kwangu hakina mjadala: kinanasa uchafu kwa mapovu ya hewa kabla haujaoza na kuwa naitreti, kemikali inayodhuru matumbawe ikizidi. Kwa joto la Mombasa nimefunga feni juu ya maji yabaki nyuzi 26. Feni hukausha maji na chumvi inabaki, kwa hiyo kila siku naongeza maji baridi, si ya chumvi. Betri ya akiba ipo pia, umeme ukikatika usiku.

Samaki sasa. Moyo wangu uko kwa kangaja wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni, mwenyeji wa Bahari ya Hindi. Ni mgomvi, na ugonjwa wa madoa meupe humshika upesi, hivyo atapita karantini na kuingia wa mwisho. Watakaotangulia ni jozi ya samaki wa anemoni, wale wanaoishi kwenye anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua. Kitatange simtaki humu, hata avutie vipi: wengi wa jamii yake hudonoa matumbawe.

Mliofuga kangaja, mnampa mwani gani?