Kununua kwa mkopo nyumba ya kupangisha: usianze na bei, anza na kodi ya wapangaji

Sa hivi vijana wengi wanaangalia video za Wamarekani wanaonunua nyumba kwa mkopo, mpangaji analipa rejesho la benki, mwenye nyumba anabaki na chenji kila mwezi, af wanataka kufanya hivo hivo hapa Dar. Hiyo hamu naielewa kabisa na simkatishi mtu tamaa. Ila kule mkopo wa nyumba unaweza kuwa wa miaka 30 na riba haibadiliki mpaka unamaliza, na kuanzia 2012 mpaka 2021 wastani wa hiyo riba ulikua chini ya asilimia 5. Kwetu taarifa za Benki Kuu (BoT) zimekua zikitaja asilimia 15 mpaka 19, na hapo ni nafuu, maana 2010 wakati kampuni ya TMRC inaanzishwa ili mabenki yapate hela za muda mrefu, riba ilikua 22 mpaka 24. Sasa ukichukua hesabu ya kule ukaileta huku itakuumiza, na atakayeumia sio aliyeweka video.

Ngoja nitumie mfano wa nyumba ambayo jamaa yangu kaletewa na dalali, Mbezi ndani ndani huko, sio mbali sana na stendi ya Magufuli. Tangu ile stendi ifunguliwe 2021 wapangaji upande ule wapo, hilo halina ubishi. Nyumba ina sehemu nne, kila moja chumba, sebule, jiko na choo ndani, kodi 150,000 kila sehemu, bei milioni 80. Dalali anapiga hesabu kwa sauti, laki 6 kwa mwezi, milioni 7.2 kwa mwaka, "hii hela inajirudisha yenyewe boss".

Haijirudishi. Toa kwanza mwezi mmoja kwa mwaka wa kila sehemu kukaa wazi, kwa sababu mtu akihama lazima upige rangi, ubadilishe kitasa, usubiri mwingine, inabaki 6.6. Toa kodi ya zuio, ile TRA inayokata kwenye hela ya pango, asilimia 10, inabaki kama 5.94. Toa laki 6 ya gari la maji taka, bati linalovuja, pampu ya maji kufa (familia nne kwenye chemba moja, hiyo gari utaiita tu), unabaki na milioni 5.3 hivi. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU hata siihesabu, tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa hiyo kwenye milioni 80 yako unapata kama asilimia 6.7 kwa mwaka, na hapo wapangaji wote wawe waungwana.

Sasa weka mkopo. Jamaa ana milioni 20, anataka benki impe 60 kwa riba ya asilimia 17. Kwa miaka 10 rejesho ni kama 1,043,000 kwa mwezi, ukivuta mpaka miaka 20 inashuka kidogo tu, kama 880,000. Sehemu zote nne zikijaa na bila kutoa hata shilingi ya matengenezo anaingiza 600,000, hiyo nyingine inatoka kwenye mshahara wake kila mwezi mpaka mtoto wake aliye darasa la kwanza amalize chuo. Kuna ile kanuni ya Wamarekani kwamba kodi ya mwezi ikifika asilimia 1 ya bei basi nunua, hapa ingekua laki 8, na bado haifiki hata riba ya mwezi wa kwanza peke yake ambayo ni 850,000!

Ndo maana nasema ugeuze hesabu. Chukua kile kinachobaki kweli kwa mwezi, hapa ni kama 445,000, jiulize kinabeba mkopo wa shilingi ngapi. Kwa asilimia 17 na miaka 10 ni kama milioni 25, basi. Iliyobaki ama uwe nayo mkononi ama bei ishuke, na bei zinashuka jamani, muuzaji mwenye shida ya ada au matibabu anasikiliza mtu mwenye hela mkononi.

Binafsi naona anayeanza bora atafute pagale kwenye kiwanja kilichopimwa, akamilishe chumba kimoja kimoja kwa hela yake na mkopo mdogo wa SACCOS. Kodi ya miezi sita ya mpangaji wa kwanza inaweka madirisha ya chumba cha pili. Ni polepole na inachosha, lakini usiku unalala, hakuna barua ya mnada.

Na kuwa mkweli na hela yako pia. 2022 BoT iliposhusha kuponi, yaani riba ya mwaka, ya hatifungani ya miaka 25 (hapo unaikopesha serikali) watu walilalamika sana, na bado ilikua asilimia 12.56 na haikatwi kodi, wakati nyumba yetu inatoa 6.7. Mtu akiniambia ardhi inapanda bei namkubalia, inapanda kweli, ila kupanda kwake hakulipi rejesho la mwezi huu, kwa hiyo usikuweke kwenye hesabu ya mkopo.

La mwisho ni karatasi, na hapa nawaomba sana msione aibu kuuliza. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano sio hati. Kama kuna hati, peleka namba yake ofisi ya ardhi wafanye upekuzi rasmi, uone jina la nani lipo na kama kuna benki imeishikilia, af soma miaka, hati inaweza kuwa ya 33, 66 au 99 na imeshaliwa mingi. Muuzaji akiwa na mke au mume, mwenza asaini ridhaa mbele ya wakili kabla hujatoa hela, hata advansi.