Septemba Niliyokuta Mizinga Kimya

Mzinga wenye nyuki ukiugonga kwa kifundo cha kidole, unajibu. Unasikia mvumo mmoja unaopanda, unashuka, halafu unatulia. Jumamosi moja ya Septemba 2022 niligonga mizinga yangu yote saba, na mitano haikujibu. Ule wa tatu niliugonga tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ana hakika wenyewe wamo. Niliweka sikio kwenye ubao. Kimya.

Mimi ni mwalimu, nafundisha Tabora mjini. Nyuki sio kazi yangu, ni kitu ninachokipenda tu, na siku zangu za kuwatazama ni Jumamosi na likizo. Mizinga iko kwenye kipande cha msitu cha ukoo wetu huko Uyui, mwendo wa saa moja na kidogo kwa pikipiki. Wanawake wa kizazi cha mama yangu hawakufuga nyuki, maana mizinga ya magogo na ya magome ilitundikwa juu mtini, na kupanda mti usiku na kienge cha moto ilikuwa kazi ya wanaume. Mizinga yangu ni ya mbao, ina vibao vya juu vya upana wa milimita 32 ambavyo nyuki hujengea masega, nayo inaning'inia kwa waya usawa wa kiuno. Sihitaji kupanda popote. Tena hakuna mti unaochunwa gome ukafa kwa ajili ya mzinga mmoja, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata asali.

Siku ile nilimpigia simu mjomba wangu, mrina asali tangu ujana wake. Alikuja jioni. Hakuuliza kitu, alifunua mzinga mmoja akainua kibao kuelekea mwanga. Sega lilikuwa safi, jepesi kama karatasi. Hakukuwa na asali, hakukuwa na majana, yaani watoto wa nyuki, wala nyuki mfu hata mmoja sakafuni.

"Mpwa wangu, hawa hawakufa. Wamehama. Juni ulirina kiasi gani?"

Nikamwambia ndoo mbili za lita 20, nikiwa bado na fahari kidogo.

"Ukawaachia nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikata masega yote ya asali, mpaka yale madogo ya pembeni, kwa sababu nilidhani nyuki hodari watatengeneza mengine. Watatengeneza kwa maua gani? Kwetu mvua hukatika Mei, miti ya muba, inayowapa nyuki asali, humaliza kuchanua, na kuanzia hapo msitu unakauka hadi miti ianze kuchipua tena. Nyuki wa Ulaya wakiishiwa chakula kwenye baridi hufia ndani ya mzinga, hawana pa kwenda. Wetu hawasubiri. Wakiona ghala tupu, malkia hupunguza kutaga, majana wa mwisho wakishatoka kundi zima linanyanyuka na kwenda kutafuta maisha kwingine. Watu husema nyuki wetu ni wakorofi, hawafugiki. Mimi sisemi hivyo tena. Niliwafukuza mwenyewe kwa kisu changu.

Mzinga mmoja kati ya ile mitano ulikuwa na habari nyingine. Mbele ya mlango wake nyuki wengi walikuwa wamelala chini, na nilipowainua kwenye kiganja niliona ndimi zao zimetoka nje, zimenyooka. Hiyo ni dalili ya sumu. Ng'ambo ya korongo kuna jirani anayelima tumbaku, na wakati huo alikuwa na vitalu vya miche anavyovimwagilia maji na kuvipulizia dawa. Nyuki walikuwa na kiu, wakaenda kunywa palepale. Nilikwenda kwake na kopo la nyuki wale. Hakuwa mbishi. Kumbe hakuwahi kujua kwamba nyuki wanafuata maji ya vitalu vyake. Tulikubaliana kwamba atapulizia jua likizama, nyuki wakiwa wamerudi, na kwamba mimi nitawawekea maji yangu.

Mwaka uliofuata ndio nilioupanga vizuri. Juni 2023 nilirina mizinga miwili tu, ile iliyokuwa imebaki na watu wake, na kila mmoja niliuachia masega manane yaliyojaa. Nilirudi mjini na ndoo isiyofika nusu. Iliuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaahidi asali kwa walimu wenzangu.

Maji yalinifundisha mengi. Beseni la kwanza niliweka maji matupu, nikakuta nyuki kumi na kitu wamezama. La pili nikajaza mawe na vijiti ili wapate pa kutua, wakalipuuza kabisa wakaendelea kwenda korongoni. Mjomba akaniambia nisogeze beseni lisiwe chini ya mizinga, nilipeleke hatua kama thelathini, kwenye njia yao, na nitie kipande cha sega kuukuu ndani ya maji. Siku ya tatu walikuwa wamelijaa, wamepanga mistari kwenye vijiti kama ng'ombe kwenye birika. Kijana wa kaka yangu anayeishi karibu hulijaza kila siku mbili, nami namlipa kwa asali.

Hofu kubwa ya miezi hiyo ni moto. Kuna wanaochoma nyasi ili malisho mapya yachipue, na kuna warina asali wanaoacha vienge vyao vikifuka porini. Moto hauhitaji kufika kwenye mzinga. Moshi mzito wa siku mbili unatosha kuwahamisha. Kwa hiyo mwezi Julai, nyasi zikiwa bado hazijawa baruti, tulifyeka na kukwatua njia ya moto ya upana wa mita nne kuzunguka manzuki yote, yaani eneo lote la mizinga. Ilichukua wikiendi tatu na mikono yangu ilitoka malengelenge. Agosti moto ulipita upande wa magharibi, ukafika kwenye ile njia, ukafa. Nilisimama pale nikitazama majivu upande mmoja na nyasi upande wa pili, machozi yakanitoka.

Kazi nyingine ni ndogondogo: grisi chafu kutoka kwa fundi pikipiki napaka kwenye waya kuzuia sisimizi, na siafu mvua zikianza. Mizinga mitupu naikwangua utando wa nondo, wadudu wanaoharibu masega, nazungusha nyasi zinazowaka ndani kuua mayai yaliyojificha kwenye nyufa, kisha nasugua nta ya moto kwenye vibao na mlangoni. Wengine hupaka mchaichai pia. Nimejaribu, na sijaona kinachoshinda harufu ya nta kuukuu.

Halafu inakuja wiki ninayoisubiri mwaka mzima. Bado hakuna tone la mvua, ardhi imepasuka, na miti ya mitundu inaanza kutoa majani mapya mekundu kama shaba, maua yakifuatia. Haya ndiyo machipuko yetu. Msitu mzima unanukia na nyuki wanarudi na chavua miguuni.

Hapo ndipo nafungua mzinga kuangalia afya ya kundi. Sifungui kabla ya saa 11 jioni. Navaa vazi, nafunga viatu kwa mpira, nawasha bomba la moshi kwa maganda makavu na samadi ya ng'ombe, napuliza mara tatu mlangoni na kusubiri dakika mbili. Natoa kibao cha pembeni kwanza ili nipate nafasi, kisha nasogeza vingine polepole bila kumbana hata nyuki mmoja, kwa sababu akibanwa mmoja wote wanajua. Akichoma, hewani hutoka harufu kama ya ndizi mbivu, na hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Nikiisikia imekolea, nafunga, naondoka. Hakuna cha kuangalia ambacho hakiwezi kungoja wiki moja.

Septemba 2023, kwenye mzinga wa pili, niliinua sega la katikati nikaligeuzia jua linalozama. Chini ya kila chumba cha sega kulikuwa na yai moja, jeupe, jembamba kuliko punje ya mchele, limesimama wima. Yai lililosimama hivyo lina umri wa siku moja tu, kwa hiyo sikuhitaji kumtafuta malkia; alikuwepo jana yake. Pembeni kulikuwa na majana waliojikunja kama herufi C, na juu yao utepe wa asali ya zamani, ile niliyowaachia, wamekula karibu yote. Walikuwa wamebakiwa na kama sega moja na nusu. Nilihesabu mara mbili. Ningewaachia masega sita badala ya manane, wangekuwa wameshaondoka.

Kwenye sega la mwisho nikaona vikombe viwili vya malkia vinaning'inia kama karanga. Kundi lilikuwa linajiandaa kugawanyika. Wapo wanaovikata. Mimi niliviacha, maana nilikuwa na mizinga mitano mitupu iliyopakwa nta.

Siku tisa baadaye kijana wa kaka yangu alinipigia simu nikiwa kwenye chumba cha walimu. "Shangazi, shikamoo. Kwenye mzinga wa tano kuna nyuki wachache wanaingia na kutoka, lakini hawabebi kitu."

Nikamwambia hao ni wapelelezi, wanakagua nyumba, asipite mbele yao wala asiusogelee mzinga.

Jumamosi nilifika kabla jua halijapanda. Niliacha pikipiki mbali, nikatembea hadi kwenye mzinga wa tano, nikaugonga.