Kikohozi cha Serahangi

Mradi wa kuhamishia kaseti za wazee kwenye sidii ulikuwa umekwisha zamani nilipoajiriwa. Kilichobaki ni kibao cha wafadhili mlangoni, skana iliyopotezewa waya wake wa umeme, na kabati la chuma lililojaa sidii zilizopangwa kwa namba. Mkuu wetu hakuacha mgeni aondoke bila kuoneshwa kabati lile. "Kaseti zote za wazee ziko humu," husema, akigonga bati kwa kidole. "Sasa ni dijitali, haziozi." Ilikuwa Kisumu, mwaka wa 2019, katika hifadhi ndogo ya kumbukumbu nisiyotaka kuitaja jina, maana niliofanya nao kazi bado wapo na walinitendea wema.

Asubuhi moja akaingia mama wa makamo kutoka Kaloleni, amevaa buibui, mkononi ameshika bahasha yenye picha ya mwanamume aliyevalia sare ya meli. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mnayo sauti ya baba yangu."

Baba yake alikuwa serahangi, yaani kiongozi wa mabaharia, katika meli za Ziwa Victoria, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mtu wa Lamu aliyeletwa na kazi akabaki. Katika miaka ya themanini mtafiti mmoja alipita Kaloleni akiwarekodi wazee wa bandari, na mama huyu aliikumbuka siku yenyewe kwa sababu alikuwa amerudi kwao kujifungua, na ndiye aliyepika mahamri ya wageni. Mzee alifariki baadaye. Picha walikuwa nayo. Sauti hawakuwa nayo.

Nikatafuta kwenye orodha. Jina la mzee lilikuwepo, na mbele yake namba ya sidii na maneno "historia ya meli". Nikamwambia akae, ni jambo la dakika tano.

Kompyuta ya kwanza iliikataa sidii. Ya pili vilevile. Hatimaye tarakilishi kuukuu ya idara ya uhasibu ikakubali kuisoma, kwa kelele na kusitasita. Wakati mama akinywa chai niliendelea kujaribu sidii nyingine za rafu ileile: baadhi zilifunguka, baadhi zilitoa faili mbili za mwanzo zikakwama, na nyingine hazikutoa kitu. Haikuwa ajabu. Sidii za kuchomea wenyewe huhifadhi data katika tabaka la rangi, na rangi hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Kabati la bati lililopigwa na jua la mchana la Kisumu ni mahali pabaya pa kuiweka. Tena kila sidii ilikuwa imebandikwa lebo ya karatasi, na gundi yake haikusaidia. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba tangu siku zilipochomwa hakuna aliyewahi kuzifungua. Pesa za mradi zilinunua mashine na semina za hotelini. Hazikununua mtu wa kuja kila mwaka kuuliza kama faili bado ziko hai.

Sauti ikaanza. Ya mzee, nzito, ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Alisimulia jinsi meli ya Victoria ilivyokuja kwa treni: iliundwa Scotland, ikafumuliwa vipande, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapandishwa reli mpaka Kisumu, ikaunganishwa upya hapa hapa na kuanza safari mwaka wa 1961. Kisha akafika kwenye MV Uhuru ya 1966, iliyobeba mabehewa ya treni juu ya sitaha yenye reli, na namna behewa moja likiingizwa vibaya meli nzima inavyoinama.

Mama alisikiliza kwa muda, kisha akavua spika za masikioni.

"Huyu si baba."

"Mama, jina lililoandikwa..."

"Najua lililoandikwa. Baba alisema Kiamu cha Lamu mpaka anaingia kaburini. Huyu ni rafiki yake, wa kule Kibos."

Nikavaa spika mwenyewe. Nilianza kusikia jambo nililolipita mwanzoni. Kati ya sentensi na sentensi hapakuwa na kitu, hata hewa ya chumba. Mzee anauliza, "Au siyo?" halafu kimya kabisa, halafu anacheka kana kwamba amejibiwa. Ananyamaza katikati ya neno, anarekebisha jina la bandari, anaendelea. Alikuwa akizungumza na mtu, na mtu huyo hakuwepo.

Nikamwomba mama anipe siku chache, nikashuka stoo.

Kaseti zenyewe, kwa mujibu wa ripoti ya mradi, zilikuwa za kutupwa, kwa kuwa "zimeshahamishwa". Lakini mali ya umma haitupwi hivihivi: lazima kamati ya kuondoa vifaa chakavu ikae na watu watie sahihi, na kamati yetu haikuwahi kukaa. Mtunza stoo alinionesha katoni chini ya ngazi. "Nisingezitupa bila sahihi," akasema, kama mtu anayejitetea. Wengi huulaani urasimu wa serikali. Mimi siku ile niliuombea maisha marefu. Juu ya kaseti lilikuwa daftari la yule mtafiti, na humo palikuwa na jibu la nusu ya fumbo. Kwenye kila ukurasa aliandika kwanza jina la mwenye nyumba, chini yake waliohudhuria. Waliotengeneza orodha ya kompyuta walichukua jina la kwanza tu.

Kaseti ya Kaloleni ilikuwa imedondosha kile kisponji kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha kusomea. Nikaipeleka kwa fundi wa redio karibu na soko la Jubilee. Akaufungua mkebe, akauhamishia utepe kwenye mkebe mwingine mzima, akasafisha kichwa cha deki yetu kwa spiriti, kisha akasumbuka kupata mkanda wa mpira wa kuzungusha magurudumu, kwani wa kwetu ulikuwa umelainika ukawa kama lami. Aliung'oa kwenye deki nyingine iliyokufa. "Hizi zikiisha," akaniambia, "mtakuja kulia hapa na kaseti zenu." Hakuwa na habari kwamba mwaka uleule UNESCO nayo ilikuwa ikitoa tahadhari hiyohiyo kwa dunia: kwamba kufikia mwaka wa 2025 hivi, mashine zinazofanya kazi na vipuri vyake vingekuwa vimeadimika mno kiasi cha kuziacha kanda nyingi bila njia ya kusomwa.

Nilirekodi kwa kipimo kinachopendekezwa na IASA, shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha: biti 24, kilohezi 96, faili la WAV lisilobanwa. Saa moja hula takriban gigabaiti mbili, ilhali MP3 ya saa hiyohiyo kwenye sidii ya mradi haikufika megabaiti 60. Na sikusafisha chochote. Mwongozo wao unasisitiza hilo: nakala mama inachukuliwa kama ilivyo, bila mkono wa mtu kuipamba. Mradi ulifanya kinyume. Fundi wao aliweka kichujio kinachonyamazisha sauti yoyote iliyo chini ya kiwango fulani, ili mzungumzaji asikike vizuri kwenye maonyesho ya ufunguzi. Aliyekaa mbali na maikrofoni akahesabiwa kuwa kelele.

Mama aliporudi nilimwekea bila kumweleza. Kwanza mvumo wa utepe. Kijiko kikombeni. Kuku. Mtoto mchanga akalia, mama akasema haraka, "Huyo ni wangu, sasa yuko Qatar." Kisha mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha mvuta sigara, na mama akashika meza.

Baba yake alikuwepo muda wote. Hakuhojiwa, ila hakukubali kunyamaza. Mwenzake akisema Jinja, yeye kwa mbali anasema, "Port Bell, bwana, Port Bell." Kile kicheko cha "au siyo?" kilikuwa jibu la utani wake. Wakafika mwaka wa 1977, Jumuiya ilipovunjika na meli zikagawanywa: Victoria ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Yule wa Kibos akasema mabaharia wengi walilia. "Huyu mwenzangu ndiye alilia zaidi, lakini si kwa ajili ya meli. Ana nyumba Mwanza huyu." Akakohoa mzee wetu! Akakohoa mpaka mtafiti akauliza kama aletewe maji.

Mama alicheka hadi machozi yakamtoka. Alipotulia akaniambia, "Mama yangu yu hai. Hapo hapasikilizwi."

"Hapatasikilizwa."

"Basi si ukate?"

Nikamweleza kwamba nakala mama itabaki nzima, ya kusikiliza ndiyo itakayorukwa sehemu hiyo, na kwenye kumbukumbu nitaandika aliyeomba, sababu kwa maneno ya staha, na lini patazamwe upya. Kuna mfano wa kimataifa wa kazi yetu, ISO 14721, uliobuniwa na kamati ya mashirika ya anga za juu kwa ajili ya data za vyombo vyao. Nao unatenganisha kifurushi kinachotunzwa na kifurushi anachopewa msomaji. Sikumtajia mama habari za anga za juu. Nilimwambia kimoja ni cha sanduku, kingine ni cha mezani, akaelewa.

Akaniuliza pia juu ya ule msururu wa herufi na tarakimu nilioukokotoa kwenye skrini, 64 kwa jumla. Nikamwambia ndiyo alama ya kidole ya faili: ikibadilika biti moja, alama yote inatoka tofauti, kwa hiyo kila nikiikagua nitajua kama sauti ya baba yake imeguswa au imeharibika. Nakala tatu: mbili Kisumu kwenye diski tofauti, ya tatu kwa wenzetu wa Eldoret, kule juu, mbali na ziwa. Mkuu alinuna kwa gharama, diski zikanunuliwa kupitia fungu la karatasi na wino. Mwaka uliofuata ziwa lilipopanda na maji kuingia Dunga, hakuuliza tena kwa nini Eldoret.

Fomu yetu ya maelezo ilikuwa na nafasi ya mhojaji na mhojiwa tu. Nikaandika mzee wa Kibos kama mhojiwa, na kwenye maoni: "Anayekohoa na kusahihisha ni mwenye nyumba." Mama akasoma, akataka niongeze kwamba kuhusu Port Bell mwenye nyumba alikuwa sahihi. Nikaongeza.

Baada ya hapo akawa analeta wazee wa mtaa kutusaidia kutambua sauti za katoni nzima, na ni yeye aliyempata binti wa yule mzee wa Kibos. Binti hakuwa na habari kwamba baba yake aliwahi kurekodiwa. Jina lake halikuwepo popote kwenye orodha. Alikaa kwenye kiti kilekile, nikamwekea nakala ya mezani, akamsikiliza baba yake mpaka mwisho wa upande wa kwanza. Kisha akanigeukia akauliza ni nani huyo anayekohoa namna hiyo, na kwa nini hamkumnyamazisha.