Sukari yangu ilisoma 6.4, ikabidi nijitafutie maana yake

Nilipima hapa Tanga kwenye upimaji wa bure wa Siku ya Kisukari Duniani, 14 Novemba, sijatia kitu mdomoni tangu usiku. Kijana aliyenitoboa kidole akaandika 6.4 kwenye karatasi, akasema, "Mama, hii iko mpakani, jiangalie," akamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu, simlaumu. Lakini unajiangaliaje? Mama yangu aliishi na kisukari miaka mingi, na mimi ndiye niliyekuwa namsafisha kidonda cha mguu. Nilirudi nyumbani na ile 6.4 kichwani, usingizi ukakata.

Mtaani kila mtu akageuka daktari. Shoga yangu akasema huna sukari wewe, mbona huna kiu wala hukojoi ovyo? Jirani akaniletea vidonge vya kisukari vya mumewe vilivyobaki. Muuza majani sokoni akaapa kwamba unga wake unafukuza sukari kabisa. Mwingine akasema nitoe sukari kwenye chai niweke asali, kana kwamba asali haipandishi sukari. Aliyeniudhi kuliko wote ni yule wa kwanza, kwa sababu sukari ya mpakani kwa kawaida haina dalili yoyote. Ukisubiri kiu, utakuwa umeshavuka.

Namba zenyewe ni hizi, na sioni kwa nini watu wanafichwa. Ukipima hujala kwa saa 8 au zaidi, kuanzia 7.0 (huku kwetu tunahesabu milimoli kwa lita ya damu) ni kisukari. Kati ya sukari ya kawaida na hiyo 7.0 ndipo mpakani, ila mpaka wenyewe unagombewa: Shirika la Afya Duniani linauanzia 6.1, Chama cha Kisukari cha Marekani kinauanzia 5.6. Ndiyo maana mtu mwenye 5.8 anaweza kuambiwa yuko salama hospitali moja na kushtuliwa nyingine. Yangu ilikuwa mpakani kwa wote. Na hata aliyefika 7.0, kama hana dalili, jibu moja halitoshi kumwita mgonjwa, kipimo kinarudiwa.

Nikaenda kurudia maabara moja ya mtaani. Wakanitoa damu ya mshipa asubuhi na mapema, kisha mhudumu akaniambia mashine inasumbua, nirudi jioni. Ile tyubu niliiona kwa macho yangu imesimamishwa kwenye kikasha cha mbao karibu na dirisha, jua la Tanga linaingia. Niliporudi jioni nikapewa 5.2, na mhudumu akanipongeza, "Hongera mama, umepona!" Nilitamani sana kuamini. Lakini nimeshona nguo za watu miaka yote hii, na najua kipimo kilichochukuliwa ovyo kinavyoharibu kitambaa kizuri. Sukari inapungua hivyo kwa siku chache, na mimi sijabadilisha hata chai?

Nilikwenda hospitali nikamweleza fundi wa maabara, kijana mtulivu, akaniuliza swali moja tu: damu ilikaa muda gani kabla ya kupimwa? Akanifafanulia kwamba chembe za damu zinaendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya tyubu. Kwenye joto la kawaida la chumba, sukari inashuka kama asilimia 5 hadi 7 kila saa. Kwa hiyo ile 5.2 yangu ilikuwa imeliwa na tyubu. Yeye akachukua tyubu yenye kifuniko cha kijivu, ambayo ina floraidi ya kuzuia ulaji huo, akaipeleka kwenye mashine mbele yangu. Ikaja 6.3. Tangu hapo, popote ninapotolewa damu naangalia kifuniko, na nauliza itapimwa saa ngapi. Wengine wananikunjia uso. Nauliza hivyo hivyo.

Daktari akataka nipime na kile cha kunywa glukosi. Unakunywa gramu 75 zilizokorogwa kwenye maji, tamu ya kukukaba koo, halafu unakaa saa 2 bila kula wala kutembeatembea. Nilibeba pindo la kitenge nikashona kwa mkono mpaka muda ukatimia. Baada ya saa 2, chini ya 7.8 ni sawa, kuanzia 11.1 ni kisukari. Mimi nikapata 9.2. Akaongeza kipimo cha miezi mitatu, yaani wastani wa miezi mitatu iliyopita, kile kinachoonyesha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu. Hicho si rahisi, kilinitoka kama elfu thelathini hivi, na hakihitaji kukaa na njaa. Mpakani ni asilimia 5.7 hadi 6.4, yangu 6.1. Kabla ya kukiandika aliniuliza kama kwetu kuna selimundu na kama nimewahi kupungukiwa damu, maana hivyo viwili vinaweza kukipotosha. Usipoulizwa, sema mwenyewe.

Sasa nije kwenye mashine. Shemeji yangu aliyeko Marekani aliniletea mashine ya kupimia nyumbani, nikapima ikaandika 118. Dada yangu akapiga kelele, "Mia na kumi na nane! Tukuwahishe hospitali!" Mimi nikatulia. Kiuno cha inchi 30 ni sentimita 76, na kiuno ni kile kile. Mashine za kule zinasoma miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 upate namba yetu ya milimoli. 118 ni 6.6 tu.

Halafu nikafanya jambo ambalo najivunia. Siku ya kutolewa damu niliibeba mashine yangu, na dakika ile ile sindano inapotoka mkononi nikajitoboa kidole. Mashine ikasema 121, yaani 6.7, na maabara 6.3. Nikajua yangu inazidisha kidogo. Haikuwa mbovu: viwango vya kimataifa vinaziruhusu hizi mashine kupishana na maabara hadi asilimia 15. Ndiyo maana haziwezi kukupa wala kukuondolea kisukari. Ila kwa kulinganisha leo na jana, hakuna mwalimu kama yeye. Nawa mikono kwa sabuni na ukauke kwanza. Kidole kilichoshika embe kinasoma embe.

Nikaanza kuvijaribu vyakula vyangu, napima saa 2 baada ya kula. Uji wa sembe wenye sukari ulinipeleka 186. Sahani yangu ya kawaida ya wali wa nazi, 178. Dona nililosifiwa sana, nilipokula tonge kubwa kama la sembe, lilikaribiana nalo kabisa. Kisha nikala wali nusu ya ule, maharage mengi, mchicha na samaki, nikatembea mpaka sokoni na kurudi: 139. Nilirudia siku nyingine nisiamini, ikaja karibu hapo hapo. Wali niliutaka, nimebaki nao.

Kutembea ndiko kulikokuwa na kazi, maana fundi cherehani anakaa tangu asubuhi hadi magharibi. Daktari alinitajia utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002: watu wa mpakani waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, waliopewa metifomini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kwa hiyo vidonge vya jirani nilimrudishia. Dawa hiyo ina watu wake na daktari ndiye anayewajua. Nilihamisha mikutano ya wateja: anayetaka kujadili mshono tunatembea wote baada ya chakula cha mchana, na wamezoea.

Kilo zimepungua, nguo zangu mwenyewe nimezibana. Kipimo cha miezi mitatu kilichofuata kilisoma 5.8. Bado ni mpakani, na daktari amesema nirudie kila mwaka hata nikijisikia mzima. Dada yangu, mtoto wa mama yule yule, hajapima hata siku moja. Tunakwenda wote wiki hii, hajala, na kifuniko nitakiangalia mimi.