Meza ya uhakiki

Ukitaka kujua chama cha kitaaluma kinaendeshwaje usihangaike na hotuba za mbele, we kaa mlangoni kwenye meza ya uhakiki, utaona yote. Mi nilikalishwa pale kwenye mkutano mkuu wa uchaguzi wa chama chetu cha wauguzi, na sababu haikuwa ujuzi wowote, ni kwamba sikuwa nagombea cheo na nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwa hiyo tayari nilikuwa macho. Kazi yenyewe inaonekana ya kitoto. Mtu anakuja, unatafuta jina lake kwenye daftari la wanachama, unaangalia kama ada ya mwaka imelipwa, unampa kadi ya kupigia kura, anapita. Kama hajalipa unampa beji ya rangi nyingine, anaingia, anasikiliza, anachangia akiruhusiwa, ila kura hana.

Na hapo kwenye beji ndo matusi yanaanza, yaani mtu amekaa wodini miaka 20 alafu unamwambia hana kura. "Leseni yangu hii hapa, unaniambiaje mi sio mwanachama?" Sasa dada yangu leseni ni ya baraza, baraza lipo kumlinda mgonjwa, linakusajili na likitaka linakufutia, hilo halina kura ya mtu. Chama cha wafanyakazi nacho ni kingine, kile cha kugombania mshahara na masaa ya kazi. Hiki chetu ni cha taaluma, mafunzo, miiko, kuongea na wizara kwa sauti moja, na unaingia kwa hiari yako na kwa ada yako. Kuna nchi wamechanganya, RCN ya Uingereza kwa mfano, yaani Royal College of Nursing ya wauguzi wa kule, ni chuo cha taaluma na hapo hapo ni chama cha wafanyakazi, lakini sisi hatukuwa hivyo, na nilielezea hili asubuhi nzima mpaka koo likakauka, wengine wananielewa, wengine wananiuliza naitwa nani waniripoti.

Kabla sijaendelea niseme ukweli kuhusu rais wetu wa wakati ule, maana hadithi hizi zikisimuliwa watu wanataka jambazi na yeye hakuwa jambazi. Alikuta chama hakijakaguliwa hesabu sijui tangu lini, ofisi inadaiwa kodi, daftari la wanachama liko kwenye laptopu ya mtu aliyeshaacha kazi. Akaleta mkaguzi wa nje, akalipa deni, akaanzisha semina za mafunzo endelevu ambazo zilikuwa nzuri kweli, mi mwenyewe nimejifunza mengi mule. Shida ilikuwa moja tu, katiba inasema mihula miwili na wa pili ulikuwa unaisha, na kwenye ajenda chini kabisa kabla ya mengineyo kulikuwa na marekebisho ya katiba, kifungu cha muda wa uongozi. Notisi ilitolewa kwa wakati, hapo hawakukosea kitu. Ila kupitisha kunahitaji theluthi mbili ya kura za wanachama hai waliohudhuria, wao wenyewe au kwa uwakilishi.

Hicho kipande cha uwakilishi ndo kilichonifikia mezani, ndani ya faili la kahawia.

Lililetwa na kijana mmoja wa sekretarieti, mpole, akaniambia sista hizi ni fomu za waliotuma wawakilishi, ziingize kwenye hesabu. Nikafungua. Fomu moja baada ya nyingine, mimi fulani mwanachama namba fulani namteua fulani anipigie kura, na huyo fulani ni rais kwenye zote nilizofunua. Majina na namba vimejazwa kwa mwandiko mmoja, mzuri, wa mtu aliyekaa mezani ametulia. Sahihi sasa, kila moja na yake, na zote zina ule mwendo wa mtu anayesaini mahudhurio huku anatafuta kiti kwa macho. Alafu kona ya juu kushoto kila karatasi ina vitobo viwili vya pini ya stepla, na hakuna pini. Zilikuwa zimebanwa na kitu zikabanduliwa. Nikakaa naziangalia vile vitobo, foleni inanisubiri, nikajiambia labda ni usingizi tu.

Akaja dada mmoja wa wodi ya watoto kuchukua kadi. Natafuta jina, nakuta kwenye ile orodha ya wawakilishi yupo. Nikamwambia wewe umeshawakilishwa. Akacheka kwanza. "Nawakilishwaje na nimekuja na miguu yangu?" Nikamtolea fomu. Akaiangalia mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Akasema sahihi ni yangu, ila karatasi hii siijui.

Tukaanza kuunganisha mambo wote wawili pale pale. Wiki ya tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, ile ya kuzaliwa Florence Nightingale, chama kilifanya semina ya bure yenye alama za mafunzo, watu walijaa kwa sababu alama ndo zinakuwezesha kuhuisha leseni na sehemu nyingi zinauzwa. Mlangoni ulisaini karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Ya juu mahudhurio. Ya chini ukaambiwa ni ya cheti, saini tu hapo tutajaza sisi. Mi siku hiyo nilikuwa kazini sikwenda, la sivyo na mimi ningekuwa ndani ya lile faili.

Sikuita mtu jina. Nilibeba faili nikalipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya uhakiki, matroni mmoja mstaafu, mama wa watu, mfupi, anaongea polepole kiasi kwamba ukiwa na haraka unakoma. Nilianza kuongea kwa jazba akanikata. "Mwanangu, tukisema wizi tutabishana mpaka magharibi na hatutashinda. Lete daftari. Tunakagua moja moja." Nikamwambia Mama hizi ni nyingi. Akasema basi anza.

Tukaanza. Aliyepo ukumbini mwenyewe, fomu yake imekufa, maana mwenye kura akija mwakilishi hana kazi. Ambaye ada hajalipa, imekufa, huwezi kumpa mtu kura usiyokuwa nayo. Ambaye namba haifanani na jina, weka pembeni. Huko ndani rais yuko kwenye hotuba ya ufunguzi, ambayo wote tuliijua kwa moyo, inaanzia 1899 kwenye kuanzishwa kwa Baraza la Kimataifa la Wauguzi na Ethel Bedford Fenwick, rais wa kwanza, mwanamke aliyehangaika miaka na miaka kudai wauguzi wasajiliwe na serikali, na kila mwaka akifika hapo sauti inamkatika kidogo. Nilikuwa naipenda ile hotuba kwa kweli. Siku ile niliombea tu iwe ndefu.

Wale waliokuwa ukumbini tukawaita mlangoni wawili wawili, tukiwaonyesha fomu na kuwauliza swali moja, hii umesaini ukijua ni nini? Wapo waliosema ndiyo, nilijua, na namtaka aendelee, hao tukawaandika hivyo hivyo. Wengi walikuwa na ile sura ya yule dada.

Ilipofika ripoti ya uhakiki matroni akapanda, akaomba maiki ishushwe, akasoma. Fomu zilizopokelewa. Fomu zilizokubalika. Zilizokataliwa kwa sababu mwanachama yupo, zilizokataliwa kwa ada, zilizokataliwa kwa namba. Alafu kwa sauti ile ile kama anasoma chati ya wodi, fomu ambazo wenye sahihi wameomba kuziondoa baada ya kuoneshwa walichosaini. Akakunja karatasi akarudi kukaa.

Ukumbi ukachafuka. Mmoja nyuma akasimama juu ya kiti anapiga kelele kwamba RCN 2018 wanachama waliitisha mkutano maalumu wakapiga kura ya kutokuwa na imani na baraza lao likaachia ngazi, na hilo ni kwa sababu waliambiwa ndivyo sivyo kuhusu nyongeza ya mshahara tu, sasa sisi tumeibiwa sahihi! Mwingine anamjibu shuka kwenye kiti utavunjika tukuuguze. Rais akaomba maiki. Alisema hakujua fomu zilikusanywa vipi, kwamba aliomba sekretarieti imkusanyie uungwaji mkono na hakuuliza zaidi. Mi nilimwamini nusu. Kwamba hakujua nakubali, kwamba hakuuliza ndo penye kesi, maana mtu aliyeweza kumfukuzia mkaguzi risiti ya mafuta ya gari la chama hashindwi kuuliza faili zima la kura limetoka wapi.

Kura ikapigwa ya siri. Na hapa ndo watu huwa hawaniamini nikisimulia, marekebisho yalipata zaidi ya nusu. Theluthi mbili hayakufika, lakini zaidi ya nusu ya waliokuwa mule, baada ya kusikia yote yale, bado walimtaka. Bila lile faili, angesimama tu akasema wenzangu naomba muhula mmoja nimalize jengo la ofisi, sioni ni nani angemzuia. Kijana wa sekretarieti alikuwa amekaa karibu na projekta anakunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Uchaguzi wenyewe ulipita haraka, watu walishachoka, akashinda makamu wake.

Kazi kubwa ikaja baadaye kwenye kamati ya katiba, nikaingizwa na mimi kwa sababu ya ile meza. Tulikwenda tukijua tunafuta uwakilishi siku moja tu tumalize. Wakasimama wenzetu wa vituo vya mbali na wa zamu za usiku, wakatuuliza, mkutano mnaufanya mchana wa siku ya kazi, wodi nani anabaki nayo, au kura ni za wenye ofisi tu? Hatukuwa na jibu. Mi mwenyewe ilibidi nikae kimya maana siku ile ile ningepangiwa zamu ya mchana nisingekuwa pale. Tukabishana sana, mwisho ikakubalika uwakilishi ubaki, mtu mmoja asibebe zaidi ya fomu mbili, mwanachama aitume mwenyewe kwa katibu kabla ya mkutano, na marufuku kukusanya fomu yoyote ya kura kwenye shughuli inayotoa alama za mafunzo.

Matokeo yake ambayo hatukuyapigia hesabu ni semina zilizofuata. Mtu anafika mlangoni, anapewa karatasi ya mahudhurio, anavaa miwani, anaisoma mstari kwa mstari mbele na nyuma, anaifunua kuona kama kuna nyingine chini, anauliza hii kona imetobolewa na nini, na foleni inaenda mpaka nje huku mkufunzi ameshaanza na ukumbi nusu.