Kabari ya fundi nisiyemjua

Juzi mwanangu amerudi nyumbani na gongo la besiboli lililopasuka mpinini. Ni la zamani, tulipewa na jirani aliyekuwa anahama. Nilipoliweka karibu na uso nione limepasukaje, harufu ikanipanda: kavu, tamu kidogo, kama ghala la nafaka. Eshi, mti wa nchi za baridi wenye mbao ngumu. Nikakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, gongo mapajani, mtoto ananitazama akidhani nimekasirika.

Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nimerudi Indiana kaskazini, Februari ya 2011, theluji imefika dirishani, nimesimama mbele ya Cadillac ya silinda 16 iliyovuliwa bati upande wa kushoto.

Mimi ni mtoto wa Matondoni, kijiji cha Lamu kinachounda majahazi, na huko Indiana nilikuwa fundi mbao kwenye karakana ya kufufua magari ya zamani. Jambo moja nalisema kwanza, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Ukiyaona magari ya kifahari ya miaka ya 1920 na 1930 yakipita Auburn, mji wa Indiana wenye tamasha la magari ya zamani, rangi inang'aa na nikeli inameta, utadhani ni chuma kitupu. Chini ya bati lile kuna mbao. Nguzo za milango, kingo za paa, matao ya juu ya magurudumu, vyote ni vipande vya eshi vilivyochongwa, vikaunganishwa kwa gundi na skrubu, kisha bati likavishwa juu na kupigiliwa misumari midogo. Siku ya kwanza nilipoiona bodi ikiwa uchi nilisema kwa sauti, peke yangu: mataruma, mbavu za jahazi! Baba yangu angeijua kazi ile mara moja. Tofauti ni kwamba yeye kwa jahazi alikuwa anazunguka kutafuta mti uliojipinda wenyewe, akate taruma kama Mungu alivyolikunja. Hawa walichukua ubao mnene ulionyooka, wakaupasua kwa kuufuata mchoro.

Gari lenyewe lilikuwa la 1930, sedani ya abiria saba, bodi ya Fleetwood, waunda bodi za magari wa Pennsylvania. Cadillac ya namna hii ilitolewa hadharani New York mwezi wa Januari mwaka huo, soko la hisa limeanguka Oktoba tu. Injini ya lita 7.4, nguvu za farasi 165, nyaya zimefichwa ili anayefunua boneti aone enameli nyeusi na chuma kilichosuguliwa. Liliuzwa kwa zaidi ya dola 5,000 wakati Ford mpya ilipatikana kwa karibu 500. Yalitengenezwa kama 4,000 hivi katika miaka 11, na zaidi ya nusu ni ya ule mwaka wa kwanza, kabla wenye pesa hawajaanza kuficha pesa zao. Kitu nilichokipenda zaidi ni valvu. Mafuta yenye mgandamizo yanaziba ule upenyo mdogo unaofanya injini nyingine zigonge tik-tik-tik, basi injini kubwa kama ile inanguruma chini chini tu kama paka aliyeshiba. Lakini injini zilikuwa na watu wake. Mimi kazi yangu ilikuwa mbao.

Nguzo ya kati ya kushoto ilikuwa imeoza chini. Maji yalikuwa yakishuka humo miaka mingi; ukibonyeza kwa kidole, mti unageuka unga. Juu ilikuwa nzima. Nikang'oa misumari mmoja mmoja, nikaliinua bati, nikaitoa nguzo na kuilaza mezani chini ya taa.

Hapo ndipo nilipomkuta.

Upande wa ndani, ambao hakuna mwenye gari aliyewahi kuuona, palikuwa na namba kwa penseli, na mstari uliochorwa kwa haraka wa mtu aliyeuchora mara elfu. Tone la gundi lilikuwa limekauka na ndani yake kuna alama ya kidole gumba. Na pale bawaba ya mlango inapokaa, kati ya nguzo na kipande cha pembeni, kulikuwa na kabari. Ubao mwembamba kama ukucha, upana wa vidole viwili, umechongwa upande mmoja mpaka ukaishia hewani kabisa. Nilipitisha kidole juu ya muungano nikiwa nimefumba macho. Sikuusikia. Ilibidi nigeuze taa pembeni ndipo nione kwamba nyuzi za mti zinabadilika.

Alikuwa amekosea. Alikata kifupi, labda milimita moja na nusu, akagundua, na badala ya kutupa kipande na kuanza upya akakata kabari, akaipaka gundi, akaipiga randa mpaka kosa likamezwa. Nilisimama pale muda mrefu. Niliweka gumba langu juu ya gumba lake kwenye ile gundi. Lake lilikuwa kubwa zaidi. Sijui alikuwa Mjerumani wa Pennsylvania au mhamiaji kama mimi, alikuwa na watoto wangapi, au kazi ilimdumu miezi mingapi baada ya hapo. Nilijua tu kwamba jioni moja ya mwaka 1930 alikunja uso namna ambayo baba yangu alikunja, akainama, akarekebisha, wala hakumwambia mtu.

Nilimwita mzee wa karakana aje aone. Akatazama, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema kwa upole: wewe ipime vizuri, usirudie kosa la mtu.

Nikapima vizuri. Siku tatu. Nilichonga nguzo mpya kwa mchoro, kila pembe sawa, kabari haikuhitajika tena. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya na niliionea fahari. Nguzo ya zamani niliikatakata, maana karakana ile ilikuwa na jiko la kuni na asubuhi zile baridi ilikuwa kali. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitia motoni. Eshi huwaka vizuri, haina moshi mwingi. Harufu yake ilijaa karakana nzima.

Siku ya nne tukatundika mlango. Haukufunga.

Ulifika, ukagusa, ukarudi. Tukaupandisha, tukaushusha, tukakaza bawaba, tukalegeza. Juu umekaa sawa, chini umechomoza. Mzee akapima fremu ya chini, ikawa imenyooka. Nikapima nguzo yangu mara mbili, tatu. Haikuwa na kosa hata la unywele. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu, ndipo nikaelewa. Yule fundi hakuwa ameziba kosa akaliacha hapo. Mlango ulitengenezwa kuifuata nguzo yenye kabari. Bati lilikunjwa kufuata mlango. Ukingo wa paa ulichongwa kufuata bati. Bodi zile zilioanishwa kwa mkono, kipande kwa kipande, na kila kilichokuja baada ya kabari kilikuja kwa kuitegemea. Nguzo yangu iliyo sahihi ndiyo iliyokuwa ngeni mle ndani.

Na kabari ilikuwa majivu.

Nilianza kuchonga nyingine. Sikuwa na kipimo, nilikuwa na kumbukumbu ya kidole tu. Nachonga, nachomeka, mzee anafunga mlango, hapana. Napunguza pumzi moja ya randa, nachomeka, hapana. Ya kwanza ilipasuka. Ya pili nyembamba mno. Sikula mchana. Ya sita, au ya saba, mzee akausukuma mlango kwa vidole viwili, ukaenda wenyewe, ukafunga. Si kishindo. Ni kama mtu aliyefumba mdomo baada ya kumaliza neno lake.

Tulinyamaza wote wawili. Akaufungua, akaufunga tena.

Mengine yalikwenda haraka. Bati likarudi, rangi ikapigwa, mwenye gari akaja Mei na kulichukua, akausifu sana usukani. Sijaliona tena.

Nimewahi kumsimulia baba kwa simu. Nilimuuliza kama nilikosa kwa kuichoma ile nguzo. Akauliza, mlango ulifunga? Nikasema ulifunga. Akanyamaza kidogo, akaniuliza habari za baridi. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu. Alama ya gumba ilikaa kwenye giza la bodi ile miaka 80, na mtu pekee aliyeiona zaidi ya mzee na mimi ni yule aliyeiacha. Ningeweza kukata kipande kile kidogo nikakiweka rafuni. Nilikuwa na msumeno mkononi.

Na miti yenyewe inakwisha. Mwaka 2002 waligundua karibu na Detroit mbawakawa wa kijani aliyetoka Asia, ambaye mabuu yake hula chini ya gome mpaka mti ukauke umesimama. Mamilioni kwa mamilioni ya eshi yamekufa tangu hapo. Barabara niliyokuwa nikipita kwenda kazini ilikuwa na kivuli chake pande zote mbili. Sasa ni visiki. Hata magongo mengi ya besiboli siku hizi hutengenezwa kwa mti mwingine.

Mtoto aliniuliza kama gongo linaweza kuungwa. Nikamwambia hapana, mpini ukishapasuka hivyo haushiki tena nguvu ya pigo. Lakini sikulitupa. Usiku nilishuka ghorofa ya chini, nikalifunga kwenye jiliwa, nikapasua sehemu nene iliyobaki nzima. Nilipata vipande vitano vyembamba, upana wa vidole viwili. Mwanangu alikuja na soksi zake, akaokota kimoja, akauliza ni vya nini.

Nikampa randa, nikamwonyesha pa kushika.