Usiku wa Majitu Kumi na Sita

Memori kadi za PS2, zile zinazohifadhi mahali ulipofikia kwenye gemu, pale Mwananyamala zilikuwa zinaibwa kama balbu za choo cha nje, ndiyo maana banda la gemu la Bro Sele halikuwa na hata moja. Lilikuwa na TV mbili za chogo, mabenchi mawili, feni iliyogoma na pazia la kitenge mlangoni ili watoto wasio na hela wasichungulie. Walichungulia. Watu walikuja kucheza soka: mechi shilingi 200, aliyefungwa anaachia pedi. Soka haina haja ya kuhifadhi chochote. Unafunga, unafungwa, unakwenda zako.

Shida yangu nilipenda gemu ambayo si ya soka. Bro Sele aliinunua Kariakoo katika rundo la diski za kunakili, juu imebandikwa karatasi ya fotokopi: Shadow of the Colossus. Ni ya Japani, kazi ya Fumito Ueda na wenzake, ilitoka mwaka 2005. Mimi nazungumzia 2011, nipo kidato cha pili, na pale bandani hakuna aliyewahi kuimaliza. Wengi waliitoa baada ya dakika tano. "Mbona hamna watu?" waliuliza, na kweli hamna. Kijana anaingia na farasi wake kwenye nchi iliyokatazwa, amebeba maiti ya msichana. Sauti kutoka juu ya hekalu inamwambia, kwa lugha ambayo haisemwi popote duniani (Kiingereza kipo chini, kwa maandishi), kwamba akiyaangusha majitu 16 huenda msichana akaamka. Basi. Njiani hakuna adui wa kupiga wala hela za kuokota. Kuna mijusi, matunda, upepo, halafu jitu refu kama ghorofa.

Jitu unalipanda kwa kushika manyoya yake. Kuna kiduara pembeni ya skrini kinachosinyaa kadiri unavyoning'inia, kikiisha mikono inaachia. Nalo halitulii, linajikung'uta kama mbwa aliyelowa. Unaanguka, unaanza tena kutoka kwenye unyayo. Jitu la tatu, lenye upanga wa jiwe, lilinila hela za Jumamosi mbili. Na kwa kuwa hakukuwa na kadi, kila siku nilianza na jitu la kwanza. Mwaka ule ulikuwa wa mgao wa umeme, kila mtu Dar amekuwa mtaalamu wa kina cha maji ya Mtera, bwawa la kufulia umeme. Mara ya kwanza giza lilinikuta kwenye la tano, lile ndege. Mara ya pili kwenye la tisa. Mara ya tatu sitaki hata kuikumbuka.

Likizo ya Juni Bro Sele akanionea huruma, au tuseme aliiona biashara. Wiki ile mtaa wetu ulikuwa unapata umeme usiku. "Dogo, lete elfu nne, nakufungia humu mpaka asubuhi." Nilikuwa nazo, karibu mwezi mzima nilikwenda shule kwa miguu. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kulala kwa mama mdogo, Kigogo.

Tulianza saa tatu usiku. Njia za yale ya mwanzo nilishazikariri, hivyo kufikia saa sita nilikuwa nimelaza manane, Bro Sele nyuma yangu akishangilia kama yuko uwanjani. Halafu akajilaza kwenye benchi, mimi nikabaki na sauti ya TV peke yake. Hapo ndipo nilipousikia muziki vizuri. Ukiwa juu ya jitu unakupandisha mori, lakini ukishachoma lile pigo la mwisho unageuka kuwa wa msibani. Jitu linaanguka taratibu. Vinatoka vitu vyeusi kama nyuzi vinamchoma yule kijana, anazimia, anaamkia hekaluni. Na kila anapoamka sura imepauka zaidi. Nilidhani ni TV.

Saa kumi alfajiri Mama Zuwena, wa vitumbua, alikuja kuomba kiberiti. Nilikuwa nimefika la 13.

Lile ni la jangwani. Linatoka mchangani na kupaa, refu kama treni, na mabawa ambayo yanapunga polepole. Majitu mengine yalinikanyaga na kunitupa, hivyo kuyaua nilikuona haki yangu. Hili halikugusi. Linazunguka zake angani. Wewe ndiye unayelifuata na farasi, unalitungua kwa mishale vifuko vitatu vya hewa vilivyo tumboni, mpaka linashuka na bawa linaburuza mchanga, ndipo unalirukia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamlali? Ee, nyoka gani huyo mzuri hivyo?"

"Ni jitu, mama. Natakiwa nimuue."

"Kakukosea nini?"

Nilitafuta jibu. Mshale ulikuwa umeshavutwa, kidole kiko kwenye pedi.

"Hajanikosea. Ndivyo gemu ilivyo."

"Mwache basi. Si anaruka zake tu?"

Nilimwambia nimelipa elfu nne. Naona aibu kuiandika leo, lakini ndivyo nilivyomjibu mtu mzima. Yeye hakukasirika, alisimama pale na kiberiti mkononi akatazama mpaka mwisho. Jitu lilipoanguka mchangani alisema "maskini," kwa sauti ya mtu aliyepishana na jeneza, akaenda kuwasha jiko lake.

Yale mawili yaliyofuata niliyaua bila furaha yoyote.

Sasa huyo farasi, Agro. Usiku kucha nilimwita punda, kwa sababu anageuka kwa kudra zake na mara nyingine ukimwita haji. Kabla ya jitu la mwisho kuna daraja. Unalivuka mbio, linaanza kuporomoka nyuma yako, na pale ambapo wote wawili mnakwenda shimoni, anakurusha ng'ambo. Yeye anabaki na daraja.

Bro Sele alikurupuka. "Nini?"

"Farasi."

"Kafanyaje?"

"Kafa."

Akaninamia usoni. "Dogo, unalia?"

"Moshi wa Mama Zuwena."

Usiku mzima nilikuwa naomba umeme usikatike. Kuanzia hapo niliomba ukatike. Haukukatika. Nikasema tuzime, inatosha, Bro Sele akakataa kabisa: hajavunjika mgongo kwenye benchi ili nimwachie njiani.

La 16 halina miguu ya kutembea. Limesimama kwenye mvua kama mnara, linakulipua toka mbali, nawe unatambaa kwenye mahandaki. Nilikufa mara nyingi mno, nikalipanda, nikaanguka kutoka kiunoni, nikalipanda tena. Nilipolimaliza kulikuwa kumekucha, na vijana wa soka watatu wamekwisha kaa kwenye benchi na vitumbua vyao.

Walidhani ndiyo mwisho. Kumbe kijana mwenyewe anageuka kitu kingine, watu waliomfuata mpaka hekaluni wanautupa upanga kidimbwini, na upepo unaanza kumvuta nyuma kwenye kidimbwi hicho cha mwanga. Msichana amelala mbele, hatua chache tu. Na gemu inakurudishia pedi, kana kwamba bado una la kufanya. "Kimbia! Mbele!" vijana wakapiga kelele. Nilikimbia. Nilishika ngazi kwa kitufe cha R1, nikaachia, nikapiga hatua mbili, nikashika tena. Kidole kikafa ganzi. Mmoja akanipokonya pedi, naye akashika. Bro Sele akashika. Tulipokezana. Upepo ukamchukua.

Msichana akaamka, peke yake. Kisha akaingia farasi, anachechemea, mguu wa nyuma umevunjika.

"Si huyo hapo!" Bro Sele akanipiga bega. "Hajafa!"

Mimi nilikuwa nauangalia ule mguu.

Mmoja wa wale vijana wa soka alifuta mafuta ya vitumbua kwenye suruali na kuchukua pedi. "Kwa hiyo umeshinda?"

Bro Sele alishaitoa diski. "Amekesha," akamjibu, akaweka ya soka.